Kilometa Mia Moja Sabini na Mbili

20 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko shuleni kwako na wanafunzi bado wanakuogopa. Sisi huku wazima. Bibi hajambo, goti tu ndilo linamsumbua asubuhi, likishapata moto anatembea kunishinda mimi. Anakusalimu sana na anasema ule, maana kwenye picha uliyotuma shingo imebaki peke yake ndani ya kola.

Mimi ndiyo usiseme. Pale gereji kwa Chuma bila mimi hakuendi kitu. Juzi gari moja liliwashinda watu wazima wawili tangu asubuhi, wamelifungua kila mahali kama wanatafuta pete ya ndoa. Nikapita zangu na karai la kuoshea vyuma, nikasema, "Hiyo waya ya plagi ya tatu haijakaa." Nikaendelea na safari. Likawaka! Chuma aliniangalia, na wewe hujui Chuma akimwangalia mtu ni jambo gani.

Sasa tuje kwenye gari lako. Ile karatasi ya masharti kumi na moja nimeibandika ukutani juu ya kitanda, siku hizi naota masharti. Liwashwe kila Jumamosi dakika kumi, hapo hapo lilipo. Handibreki ivutwe mpaka mwisho na isiachiwe. Lisisogezwe. Lisiinuliwe kwa jeki. Namba ya kilometa ibaki 61,208 mpaka urudi.

Mjomba, kwenye hesabu umeniacha mbali, hata vumbi lako silioni. Lakini kwenye magari wewe ndiye unakaa dawati la nyuma. Gari la kuwasha dakika kumi na kuzima linaumia kuliko hata lisilowashwa. Injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki ndani ya oili, betri inatoa umeme wa kuwasha na hairudishiwi wote. Tairi zikikaa upande mmoja miezi na miezi zinakuwa bapa kama chapati ya jana. Handibreki nayo ikivutwa mwaka mzima, breki za nyuma zinaganda kama zimechomelewa. Hata petroli ikilala sana inachacha, usicheke.

Naomba ruhusa nilitoe mara moja kwa wiki mbili, mpaka barabara kuu na kurudi, nusu saa tu, damu izunguke. Leseni ninayo, uliiona kwa macho yako.

Ni mimi mpwa wako, daktari wa vyuma.


11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila kazi ni nyingi; nasahihisha madaftari mia na ishirini kila wiki. Nimefurahi kusikia mama hajambo. Mwambie dawa ya goti asiache hata akijisikia nafuu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na kalamu nyekundu. Jibu langu ni hapana.

Gari hilo nililitafuta miaka mingi, na nitaliendesha mimi mwenyewe nikistaafu, likiwa kama nilivyoliacha. Vijana nawajua. Leo barabara kuu, kesho kwa rafiki, keshokutwa harusini na watu saba ndani na mmoja amekaa dirishani anapiga filimbi. Kitu kisichotumika hakichakai. Kujua hilo hakuhitaji gereji, kunahitaji akili.

Na wewe si mtu wa kunifundisha. Uliacha shule kidato cha pili, wiki mbili kabla ya mtihani, sare yako ikiwa bado ina mikunjo ya dukani. Mimi nilikaa na wewe tangu dada yangu alipofariki nikitarajia utakuwa mtu. Basi angalau kuwa mlinzi mzuri.

Masharti ni kumi na moja. Yafuatwe yote.

Mjomba wako.


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku ni wazima, bibi anakusalimu, dawa anakunywa, ananiagiza nikuambie anakunywa, na leo asubuhi amenionyesha ulimi kuthibitisha.

Haya, shule niliacha. Umelisema hilo kila Krismasi, kila msiba na kila nikiomba chumvi mezani. Sasa tuongee gari.

Kitu kisichotumika hakichakai? Muulize mama yako goti lake likoje akikaa siku nzima! Jumamosi iliyopita nimefungua boneti nikakuta panya kafanya nyumba juu ya betri, na sebule na jiko, ametumia nyuzi za turubai lako la kufunikia gari na nusu ya waya mmoja. Nimemhamisha na waya nimefunga. Tairi ya nyuma kulia imeshaanza kulala. Nikivuta ile handibreki tena ili nihakikishe iko mwisho kama ulivyoagiza, nasikia kabisa kule nyuma inalia.

Mimi sikuombi harusi wala filimbi. Kama hutaki litoke, basi niruhusu niliinue tu, magurudumu yawe hewani, niyazungushe. Halitatoka nje ya geti. Hata jirani mshona nguo ambaye anaona mpaka mchwa akipita hataliona likitoka.

Mjomba, nakuambia hivi kwa sababu naona linakufa na wewe umenipa kazi ya kulitazama.

Mpwa wako.


25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nami ni mzima, na mama msalimie sana.

Sharti namba saba: lisiinuliwe. Limeandikwa kwa herufi kubwa. Usiniandikie hoja tena. Mwezi wa saba niandikie namba ya kilometa tu, nijue kama una uaminifu au huna.

Mjomba wako.


28 Julai

Mjomba wangu mwenyewe,

Shikamoo! U mzima? Sisi huku tunang'aa. Bibi amenenepa, mimi nimerefuka, hata mlango wa jikoni unanijua kwa kichwa.

Kwanza nikupe habari, ukae chini. Unajua pale kwa Chuma mtu haitwi fundi kwa kujua spana. Spana hata mbuzi akifundishwa atajua. Unaitwa fundi siku Chuma anapokurushia funguo za gari la mteja na kusema, "Kalizungushe," ukatoka nje ya geti peke yako, ukasikiliza linavyolia, ukarudi ukamwambia lina nini. Kabla ya siku hiyo wewe ni mtu wa karai. Mimi nimekuwa mtu wa karai miaka miwili na nusu. Sasa wiki iliyopita Chuma ameniambia mbele ya wote, "Mwisho wa mwezi ujao, wewe." Mjomba, sikulala! Bibi alidhani nina homa akaniletea maji ya moto.

Gari lako ni zima kuliko wewe. Linawaka mara moja, halikohoi, halitoi moshi, breki laini, tairi duara. Halijatoka nje ya geti hata kwa sekunde. Usiniulize nafanyaje, daktari hamwambii kila mtu dawa zake. Ukija utaliwasha utalia machozi ya furaha na utaniomba radhi, na mimi nitajifanya nafikiria kwanza.

Namba uliyotaka hii hapa, nimeisoma leo mwenyewe kwenye dashibodi: 61,380.

Mpwa wako, fundi mtarajiwa.


15 Agosti

Kijana,

Mama msalimie.

61,380 toa 61,208 ni 172. Kilometa mia moja sabini na mbili. Tangu barua yangu ya Machi mpaka yako ya Julai zimepita Jumamosi kumi na saba. Mia moja sabini na mbili gawanya kwa kumi na saba ni kumi na kidogo. Yaani kila Jumamosi umekuwa ukitoka na gari langu kilometa kumi: tano kwenda, tano kurudi. Sijui huyo unayemfuata kilometa tano ni nani, na sitaki kujua.

Sikuishia kwenye namba. Nilimpigia jirani mshona nguo. Anasema kila Jumamosi saa nne asubuhi husikia gari langu likinguruma kama liko barabara kuu. Likienda mbio, hilo ndilo neno lake.

Na baada ya hapo unaniandikia "halijatoka nje ya geti hata kwa sekunde." Umeniandikia uongo na ushahidi wake kwenye karatasi moja. Hata kudanganya kunahitaji shule.

Nimemwandikia bosi wako. Nimemweleza ulivyolitumia gari ulilokabidhiwa, na nimemshauri kama mzazi na kama mwalimu: kijana huyu asikabidhiwe gari la mtu. Nimefanya hivyo kwa faida yako.

Mjomba wako.


2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa sababu bibi amesimama nyuma yangu. Yeye hajambo. Mimi si mzima na usiniulize.

Barua yako ilifika gereji siku ya Ijumaa, wakati wa chai. Wewe unamjua Chuma kwa jina tu, ngoja nikueleze. Chuma anasoma kwa kidole na kwa sauti, hawezi kusoma kimya. Akasimama pale kati, watu kumi na wawili na vikombe vyao, akaanza, "Ndugu mwenye gereji, salamu." Mimi nilivyoona mwandiko wako nikacheka, nikadhani unanisifia! Nikamwambia yule mwenzangu wa karai, anaitwa Kibiringi, "Sikia, huyo ni mjomba wangu, mwalimu." Kidole kikaenda, kikaenda, kikafika pale: kijana huyu asikabidhiwe gari la mtu. Chuma akapasoma mara mbili kwa sababu neno "asikabidhiwe" lilimshinda mara ya kwanza. Kwa hiyo wamelisikia mara mbili.

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Alikwenda kwenye ubao wa funguo, akatoa funguo za gari lililokuwa likisubiri, akamrushia Kibiringi. Kibiringi! Mtu ambaye mwezi wa tano alijaza oili mahali pa maji! Akatoka nalo getini anapiga honi.

Sasa usome vizuri, na kalamu yako nyekundu iweke mbali.

Sharti namba saba nimelivunja. Hilo ndilo kosa langu, sina lingine. Nilikata magogo manne ya mti mgumu, nikaliinua gari, nikaliweka juu ya magogo, magurudumu yote hewani. Nikaachia handibreki. Kila Jumamosi saa nne nililiwasha, nikaweka gia ya tatu, magurudumu ya mbele yakazunguka hewani robo saa mpaka injini ikapata moto wa kweli. Ya nyuma nikayazungusha kwa mkono. Gari lilikuwa linakimbia, mjomba, pale pale nyuma ya jiko. Huyo jirani yako alisikia likienda mbio, sawa. Muulize kama aliwahi kusikia likirudi!

Ile namba kwenye dashibodi haijui barabara. Inahesabu gurudumu likizunguka, basi. Mimi ninayejifanya daktari sikulikumbuka hilo. Nilisoma 61,380 nikakuandikia kwa mkono wangu huku nafurahia funguo. Mwizi gani anakuandikia namba mwenyewe? Ningetaka kukudanganya ningenakili ile ya zamani, 61,208, tarakimu tano tu, hizo hata kidato cha pili tunaziweza.

Mwandikie Chuma. Mwambie umekosea. Sitaki kitu kingine kwako, wala sitaki uniombe radhi mimi. Chuma ndiye mwenye ubao.

Mpwa wako.


20 Septemba

Kijana,

Barua nimeipata. Mama naye amenipigia simu na kurudia hadithi hiyo hiyo ya magogo, neno kwa neno. Mama amekutetea tangu ulipokuwa unavunja vikombe, kwa hiyo ushahidi wake haunisaidii.

Gari lililosimama haliongezi kilometa. Mwendo ni kutoka hapa kwenda pale. Hiyo naifundisha kidato cha kwanza, wiki ya pili.

Sitaandika barua nyingine kwa bosi wako. Siwezi kujikanusha mbele ya mafundi kwa sababu ya masimulizi. Mambo ya familia tutayamaliza nikija Desemba. Kwa sasa fuata masharti yote kumi na moja kama yalivyoandikwa.

Mjomba wako.


29 Septemba

Mjomba,

Bibi hajambo.

Nimefuata. Gari nimelishusha chini. Handibreki nimeivuta mpaka mwisho, nikaning'inia nayo. Turubai nimelirudisha. Magogo nimeyapanga nyuma ya jiko. Jumamosi nitakuwa nimeshaondoka, kwa hiyo hizo dakika kumi aliwashe jirani mshona nguo, maana yeye ndiye fundi unayemwamini.

Pale kwa Chuma kila nikipita karibu na gari wananitania, "Angalia mfukoni, asije akaondoka na kilometa." Nimevumilia wiki nne. Nahamia mji mwingine kwa rafiki, kuna gereji inatafuta mtu wa karai. Naanza upya, kuosha vyuma vya watu.

Funguo za gari lako anazo mama yako. Zihesabu, ziko mbili.

Mpwa.


19 Desemba

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko uliko. Anwani nimepewa na mama baada ya kumbembeleza siku tatu. Yeye ni mzima, ila haongei na mimi zaidi ya "chakula tayari."

Nilifika tarehe kumi na mbili. Kesho yake niliondoa turubai ili niwashe gari. Halikutoa hata mlio. Niliachia handibreki, nikaita vijana watatu wasukume. Likaenda hatua mbili na magurudumu ya nyuma hayakuzunguka kabisa, yalichimba mifereji miwili uani. Nilisimama nikaitazama ile mifereji. Nikamwita bosi wako, kwa sababu sikumjua fundi mwingine.

Alikuja mwenyewe. Alilala chini akatazama, akauliza, "Nani aliagiza handibreki ivutwe?" Nikasema ni mimi. Aliyaona magogo yako nyuma ya jiko, akayageuza geuza, akasema, "Haya yamekatwa na mtu anayejua uzito." Tukaliinua. Aligonga kule nyuma karibu saa nzima mpaka breki zikaachia. Akaweka betri yake, likawaka, akaniambia, "Mwalimu, kaa ndani, weka gia, tuone yanavyozunguka."

Niliweka gia. Ukuta wa jiko ulikuwa mbele yangu, hatua tatu, na ndoo ya mama pembeni. Nikatazama dashibodi. 61,470, Jumamosi tisa zaidi tangu barua yako ya Julai. Kisha tarakimu ya mwisho ikaanza kupanda taratibu, sifuri ikajificha, moja ikaja. 61,471. Nikatazama mbele: ukuta ule ule, ndoo ile ile. Niliendelea mpaka 61,475. Bosi wako alikuwa ananiambia nizime, nadhani aliniambia mara nyingi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Umefika wapi?"

Uliniambia kweli. Miaka ishirini na sita nafundisha kwamba mtu afanye jaribio kabla ya kuandika jibu, na mimi niliandika jibu, nikalipeleka gereji.

Siku iliyofuata nilikwenda pale wakati wa chai. Nilivaa tai, sijui kwa nini. Nikasimama kati yao nikasema barua yangu ilikuwa ya uongo, ingawa sikujua kuwa ni uongo, na kwamba hukulitoa gari. Baadhi walicheka. Bosi wako akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini aliyehama mji si mimi." Nikamuuliza kama unaweza kurudi upewe funguo. Akasema nafasi ya fundi ameshampa Kibiringi, ila karai lipo.

Nisamehe. Rudi nyumbani.

Mjomba wako.


8 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Bibi mwambie asiendelee kukununia, chakula kikipikwa kwa hasira kinamdhuru yeye.

Sirudi. Nikarudi kwenye karai chini ya Kibiringi? Nimwoshee vyuma mtu anayejaza oili mahali pa maji? Na sijakusamehe. Ukisikia mtu yeyote anakuambia nimekusamehe, huyo ametunga. Kila nikikumbuka kile kidole cha Chuma kinavyotambaa kwenye mwandiko wako mzuri, masikio yanawaka moto mpaka leo. Uliambiwa na mimi, ukaambiwa na mama yako mzazi, ukaamini ukuta ulipokuambia.

Hiyo "nisamehe" yako nimeiona. Iweke kwanza, kuna kazi.

Gereji niliyopo mwenyewe ni mwanamke, tunamwita Mama Mkubwa, ana mikono ya kuchana tairi. Anaona ninachojua. Wiki iliyopita nimemtengenezea klachi peke yangu, hakuirudia hata nati moja. Lakini funguo hatoi ovyo, aliwahi kuibiwa gari la mteja na kijana aliyempenda kama mwanawe. Kaniambia, "Niletee barua ya mtu aliyewahi kukuachia gari lake." Nikakaa usiku mzima natafuta. Mjomba, duniani kote aliyewahi kuniachia gari ni mtu mmoja. Ni wewe! Cheka kama unaweza.

Andika hiyo barua. Usinisifie, usiseme nina akili, usiseme nimelelewa vizuri, hayo anayaona au hayaoni. Andika kilichotokea. Andika ulichomwambia Chuma na andika kwamba haikuwa kweli. Na usiandike kama mwalimu mkuu wa sijui wapi. Saini kama ulivyo kwangu, ili ajue aliyeniita mwizi alikuwa nani.

Mpwa wako.


17 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua iko ndani ya hii. Sijaifunga bahasha, isome kwanza. Ikiwa kuna neno hulitaki, nirudishie nitaandika nyingine. Niliiandika mara tano. Mama ameisikiliza na ameanza kuongea na mimi.

Mjomba wako.

*

Kwa mwenye gereji,

Salamu. Kijana huyu alikabidhiwa gari langu kuanzia Januari hadi Septemba mwaka jana. Niliagiza lisitoke nje ya geti, na halikutoka. Niliagiza pia mambo ambayo yangeliua gari, na alinionya kwa maandishi mara mbili. Nilikataa. Akalitunza kwa njia yake, na muda wote alipolitunza lilikuwa zima. Lilikufa alipoacha, kwa amri yangu.

Namba ya kilometa ilipoongezeka nilimwita mwongo, nikamwandikia bosi wake kwamba asikabidhiwe gari la mtu. Kwa sababu yangu alipoteza nafasi aliyoifanyia kazi miaka miwili na nusu. Nilikosea.

Anaweza kuachiwa gari.

Mjomba wake.


2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na umesharudi kwa madaftari yako. Mimi mzima.

Barua sikuibadilisha. Nilimpelekea Mama Mkubwa asubuhi, akaisoma amesimama, kimya, mdomo wake haukutikisika, nikamshukuru Mungu. Akaniuliza, "Huyu mjomba wako ni mwalimu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nimejua. Neno 'nilikosea' amelipigia mstari kwa rula." Akaikunja akaiweka mfukoni. Kisha akaenda kumgombeza mtu wa betri.

Mimi nikarudi kwenye karai.

Saa nane kitu kikanigonga mgongoni, kikaanguka ndani ya maji machafu. Nikageuka nimtukane aliyenirushia. Mama Mkubwa yuko mlangoni anafuta mikono. "La muuguzi, lile jeupe," akasema. "Anasema linavuta kushoto. Kalizungushe."

Mjomba, ningependa kukuandikia kwamba nilitoka kama mfalme, lakini sivyo. Gari lilinizimikia getini, mbele ya gereji nzima. Klachi niliiachia mapema kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mtu akapiga mluzi. Nikawasha tena, nikapinda kulia, nikapandisha mpaka mzunguko wa juu, nikarudi kwa njia ya hospitali nikisikiliza. Linavuta kushoto kweli: breki ya mbele kushoto imeshika. Nikamwambia. Akaingia chini mwenyewe kuhakikisha, akatoka, akasema, "Ifungue."

Hasira bado ninayo, na haipungui kwa rula. Lakini funguo zile niliziosha kwa mikono miwili, nikazikausha kwa shati, na kabla sijazirudisha kwenye ubao nilisoma namba nikaandika kwenye daftari, kama ulivyonizoesha. Kilometa sita. Barabarani, mjomba, na ukuta haukuwepo mbele.

Mpwa wako.